Bia Nyeusi ya Mukuyuni

Mpwa wangu ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Ana sauti nzuri, na karatasi ilikuwa imeandikwa na kamati ya kanisa, kwa hiyo alisoma bila kukwama: kwamba Baba alifanya kazi Nairobi, akarudi Migwani kulima na kufuga, akaokoka, akawa mzee wa kanisa, na kwamba katika maisha yake marefu hakuwahi kuonja pombe. Watu waliokaa chini ya hema wakasema amina. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na familia, leso mkononi, na nilicheka. Sikutoa sauti kubwa, lakini dada yangu alinifinya paja kama alivyokuwa akinifinya tukiwa wasichana, akanong'ona, "Mwende, watu wanaona." Waone. Mimi sasa ni nyanya wa watu, na kama kuna jambo moja ninalolijua kuhusu mtu yule aliyelala kwenye sanduku, ni jinsi alivyokunywa. Niliijua bia yake kuliko nilivyomjua yeye mwenyewe. Nilikaa mwaka mzima nikiitafuta kwa ulimi wangu, na mwaka huo ndio uliokuwa mwaka wangu. Miaka iliyofuata ilikuwa ya watu wengine.

Baba alikuwa ameitumikia hoteli ya Wazungu mpaka nywele zikaanza kumgeuka, na alirudi nyumbani na vitu viwili kutoka huko: viatu vya ngozi ambavyo hakuvivaa, na mapenzi ya bia moja. Ilikuwa bia nyeusi, kali, ya chupa fupi nene, na wanaume wengine wa Migwani waliiogopa kwa sababu chupa mbili zilitosha kumlaza mtu aliyezoea kaluvu, pombe ya kienyeji ya kwetu. Kila Jumamosi alasiri alivuta kiti chake mpaka mlangoni, akaniita mimi, si dada yangu, kwa kuwa dada yangu alimwaga. Nililaza glasi, nikamimina polepole ukingoni, nikaisimamisha povu lilipofika juu, povu la rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa jikoni akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Baba alinyamaza hadi funda la tatu, kisha akasema, "Sasa hii ni bia," kila Jumamosi, kana kwamba kuna mtu alikuwa amebisha. Nilipokwenda kuosha glasi nililamba povu lililobaki. Hivyo ndivyo nilivyoijua: tamu kidogo mwanzoni, moshi katikati, halafu uchungu unaokuja umechelewa na kukaa nyuma ya koo. Baadaye kampuni ikaacha kuitengeneza, sijui kwa nini. Mwenye baa alimletea nyingine, nyepesi, ya manjano. Baba aliionja mara moja, akawamwagia kuku.

Mwaka ninaousema nilikuwa Mukuyuni, fundi wa kushona kwenye duka la mwanamke mmoja wa kanisa, na nilipanga chumba nyuma ya duka hilohilo. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo, na dirisha lililoangalia uwanja ambapo Kyalo alitengeneza baiskeli. Sitaeleza tulivyoanza. Alinitengenezea kanyagio la cherehani likawa halilii tena, na yaliyobaki yalijifuata. Jioni nilipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kunde, yeye akala amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana kiti kilikuwa kimoja na alisisitiza kiwe changu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucheka upesi, na mikono yake haikuacha kunuka grisi hata aoge vipi. Mama yake alikuwa mjane aliyepika kaluvu. Kila mtu sokoni alijua, chifu akiwemo, ambaye alimkamata alipohitaji kuonekana akifanya kazi na akamwacha siku nyingine zote. Mama Kyalo alipika kwa siri ya kila mtu kujua, kama walivyopika wengi wakati ule pombe za kienyeji zilipopigwa marufuku.

Kyalo alimtuma mjomba wake, Mzee Nzioka, aende kwetu kuuliza habari za ntheo, wale mbuzi ambao kwetu Ukambani wasipopelekwa hakuna ndoa, hata mkizaa kumi. Baba alimpokea vizuri, akampa chai, akamsikiliza. Kisha akamwambia kwamba mbuzi hawana shida, walete tu, ila yeye hakai na wazee kwa kaluvu. Binti yake angetoka pale kwa ile bia nyeusi. Wakiipata waje, wasipoipata wasijisumbue. Mzee Nzioka alirudi akatueleza hayo nyumbani kwa Mama Kyalo tukiwa tunakula, na Kyalo aliacha kutafuna. "Lakini hiyo haitengenezwi siku hizi," alisema. "Si ndio nilimwambia," Mzee Nzioka akajibu. "Akasema hiyo si maneno yake." Leo najua ile ilikuwa hapana. Baba alikuwa amefunzwa hotelini kumkatalia mgeni bila kutumia neno lenyewe. Yeye aliyekunywa hakuitaka nyumba iliyopika. Lakini nilikuwa na umri wa kuamini kwamba ukiambiwa lete kitu, ni kitu kinachotakiwa, na mimi ndiye niliyesema, mbele yao wote, "Basi tuipike."

Mama Kyalo hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza, "Wewe unaijua?" Nikasema naijua. "Umeikunywa?" Nikasema nimelamba glasi. Akasema, "Hiyo inatosha. Wanaume wanakunywa tu, hawaonji." Na hapo tukaanza. Hakukuwa na bia yenyewe ya kuigiza, hakukuwa na mtu wa kuuliza. Kulikuwa na ulimi wangu na mikono yake. Alilowesha mtama chini ya magunia mpaka ukachipua, akauanika, kisha akaukaanga kwenye chuma mpaka ukawa mweusi na nyumba nzima ikafuka kama inayochomwa. Alitia sukari nguru pia, nyingine akaiunguza kwa makusudi. Mara ya kwanza tulitia hamira ya dukani, na kilichotoka kilinuka mandazi. Akaimwaga bila huzuni yoyote, akarudia kwa miatine, yale matunda makavu yanayochachusha kaluvu, ambayo alikuwa nayo ya miaka mingi, meusi na laini kwa kazi. Kila wiki nilifunga duka nikaenda kwake, nikakaa kwenye kigoda kando ya mafiga, akanipa kikombe cha bati. "Onja, mwana wakwa. Imekaribia?" "Bado." "Inakosa nini?" Na mimi niliyelelewa kwenye nyumba ambayo Mama aliomba dhidi ya chupa, nilifunga macho na kuitafuta Jumamosi ya nyumbani. "Imekosa mwisho," nilimwambia. "Ya Baba inabaki nyuma ya koo."

Mwisho ndio uliotusumbua zaidi. Tulijaribu majani ya mwarobaini, tukapata dawa ya malaria. Tulijaribu gome ambalo Mama Kyalo alilijua, tumbo likaniendesha siku mbili. Kisha asubuhi moja akatoka na jembe, akarudi na mzizi wa kiluma, ile shubiri inayoota kwenye mawe, akakata kipande kidogo kuliko kidole na kukichemsha humo. Nilipoonja wiki iliyofuata nilifunga macho. Utamu ulikuja, moshi ukaja, halafu nikangoja, na uchungu ukaja umechelewa, ukakaa. Machozi yalinitoka. Mama Kyalo alichukua kikombe mkononi mwangu akaonja mwenyewe, akatema majivuni. "Na hii ndio baba yako analilia?" Tulicheka mpaka Kyalo akaja kuchungulia akiwa na bisibisi mkononi. Nimekaa kwenye nyumba nyingi tangu siku hiyo, zenye sakafu ya vigae na maji ya mfereji, na sijacheka hivyo ndani ya hata mojawapo.

Chupa nilizitoa kwetu, zile fupi nene ambazo Mama aliwekea mafuta ya taa, nikaziosha kwa majivu na maji moto mpaka vidole vikaniwasha. Vizibo vyake tulikuwa tukichezea drafti utotoni na bado vilikuwemo kwenye mkebe. Kyalo alichonga kibao chenye shimo, akavinyoosha na kuvigonga upya kimoja kimoja. Tulifanya kosa moja, na ni kosa la watu waliozoea kibuyu. Kaluvu hukaa kwenye kibuyu kisichozibwa sawasawa, hupumua, na huwa imekwisha kunywewa kabla haijachoka. Sisi tuliifunga bia ikiwa bado inachemka, kwa haraka ya kuiona iko ndani ya chupa. Niliweka chupa tano chini ya kitanda changu. Jumapili adhuhuri, mwenye nyumba akiwa amerudi kutoka kanisani na wageni, zilipasuka moja baada ya nyingine. Nilimwambia ni soda iliyoharibika. Alisimama mlangoni akiangalia maji meusi yakimfuata viatuni, akasema, "Mwende, soda ya wapi hiyo?" lakini hakunifukuza. Mama Kyalo alipopata habari alisema tu, akiitaja pombe kwa Kikamba, "Uki haizibwi mdomo kabla haijamaliza maneno yake." Tukapika tena, na mara hii tukangoja.

Walikuja kwetu mwezi wa nane, baada ya mavuno ya pojo. Mbuzi walikuwa wanene. Bia ilikuwa kwenye makreti mawili ya mbao yaliyofunikwa gunia, na Mzee Nzioka alieleza, kwa ufundi ambao hata mimi nilikaribia kuuamini, jinsi Mhindi mmoja wa Machakos alivyokuwa ameyasahau stoo. Nilikuwa jikoni na Mama na shangazi zangu, tukipika pilau na kuchambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Ukuta kati ya jikoni na sebule haukufika kwenye mabati, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Nikaitwa. Kwetu msichana ndiye anayeulizwa mbele ya wazee kama anawajua wageni hawa, na kama kinywaji chao kinywewe au kirudi. "Tukunywe ama tusikunywe?" mzee mmoja akauliza. Nikasema, "Kunyweni." Kyalo alikuwa amekaa karibu na mlango, suti ya kuazima ikimbana mabega, akiangalia sakafu jinsi mkwe anavyopaswa. Nilifungua chupa. Ilipumua vizuri. Nililaza glasi, nikamimina polepole ukingoni, povu likapanda la rangi ya chai ya maziwa. Nilionja kidogo kama desturi inavyotaka, nikampa Baba kwa mikono miwili.

Alikunywa funda la kwanza na la pili kimya. Sebule yote ilimngoja. Katika funda la tatu aliinua macho akaniangalia mimi, si wageni, akaniangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameona mzizi wa kiluma usoni mwangu. Kisha akasema, "Sasa hii ni bia." Wazee wakapiga makofi. Shangazi zangu jikoni wakapiga vigelegele, na Mama, aliyekuwa ameapa hatapigia vigelegele chupa, naye akapiga. Niliporudi jikoni shangazi mmoja akanikalisha kwenye gunia la mahindi na kunipa kipande cha ini. Nakumbuka ladha ya ini hilo. Nilikuwa nimeolewa kwa muda ule wa kulitafuna.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sebuleni chupa zilizunguka, na kila mzee aliyekunywa alimsifu Baba kwa kujua vinywaji, na Baba akawaeleza, kwa sauti ya hotelini, kwamba bia kama hii mwafrika hawezi kuitengeneza, inataka mitambo na maji ya Ulaya, na kwamba ulimi wake haujawahi kudanganywa. Hapo ndipo Mzee Nzioka, ambaye chupa ya pili ilikuwa imemkolea, alishindwa kujizuia. Nilisikia kicheko chake kabla ya maneno. "Mzee," alisema, "hiyo mitambo ya Ulaya iko nyuma ya choo ya dada yangu hapo Mukuyuni. Na hiyo uchungu unasifu ni kiluma." Halafu akaongeza, taratibu, kama mtu anayemalizia hadithi nzuri, "Kumbe ulimi ya Nairobi ni kama ulimi yetu tu." Wakacheka. Hawakucheka wageni peke yao. Walicheka wazee wa kwetu, rika la Baba, watu waliokuwa wamevumilia habari za hoteli ile miaka mingi. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Asiyejua nthoni hatajua kilichovunjika pale. Kwetu mkwe hachekwi. Ukikutana naye njiani unapisha kichakani, humtaji jina, huli akikutazama. Ni haya na heshima pamoja, na zinafunga pande zote mbili. Mtu anaweza kuja kwako na mbuzi pungufu ukamsamehe, anaweza kuja amechelewa siku mbili. Lakini kumfanyia mzaha baba wa msichana mbele ya rika lake, kwenye kiti chake, siku ya ntheo, hilo hakuna aliyekuwa amelisikia. Nilisimama na ini mdomoni. Nilisikia kiti kikivutwa. "Chukueni mbuzi zenu," Baba alisema, na hakupaza sauti. Mzee mmoja akajaribu, "Lakini si umesema mwenyewe ni bia? Mzaha tu huu." Baba akarudia maneno yaleyale. Nilitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, na nilipofika uwanjani Kyalo alikuwa anafungua kamba za mbuzi. Mikono yake ilikuwa imara. Mjomba wake alikuwa ameegemea ua, kileo kimemtoka chote, anasema, "Nilikuwa nacheza tu. Nilikuwa nacheza."

Nilimfuata Kyalo Mukuyuni. Nilimwambia tukae tu, wako wengi wanaokaa hivyo. Alikuwa kwenye ndoo ileile, hajagusa chakula. "Bila ntheo watoto ni wa baba yako," alisema. "Nizae watoto waitwe wa mtu amenifukuza kama mbwa?" Nilimwambia mimi si Baba. Akasema anajua. Nilimlilia kwa namna ambayo bado inanitia aibu, na yeye alilia pia, lakini hakubadilika. Nilikuwa nimewadhania watu wawili wale kuwa tofauti, Baba na Kyalo, na kumbe kila mmoja alikuwa na jina lake la kulinda, na jina la kila mmoja lilikuwa zito kuliko mimi. Aliondoka akatafuta kazi Mombasa. Miaka mingi baadaye nilisikia jina lake kwenye matangazo ya vifo redioni, mke na watoto wakitajwa, nikainuka nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Mimi niliolewa na mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye Baba alimpenda. Waliletwa mbuzi na makreti ya soda. Hakuna aliyechekwa. Tuliishi vizuri, kama watu wawili wanaongoja basi moja. Baba naye aliokoka, na hatukuzungumza tena juu ya siku ile.

Baada ya mazishi wageni walipopungua, nilibaki jikoni na Mama. Ni jiko lilelile, ila ukuta sasa umefika juu. Mama haoni sawasawa siku hizi; alikuwa amekaa kwenye kigoda akipapasa sahani zilizooshwa, kuhakikisha. Nilikuwa bado na hasira ya ile karatasi. Nilimwambia, "Mama, wamemwandika ati hakuwahi kuonja." Akacheka kidogo. "Wacha wamwandike. Na ile yako, si aliijua?" Nikamwuliza aliijua nini. "Alijua ni wewe," Mama alisema. "Jioni ileile aliniambia. Alisema, nilijua si ya kampuni nikionja tu, ya kampuni haikuwa na harufu ya moshi wa kuni. Akasema, lakini mtoto amehangaika. Hakuna mwingine anajua mimi napenda nini. Ndio alisema ni bia. Alikuwa amekupeana, Mwende. Kwa roho yake alikuwa amekupeana."

Niliweka kitambaa chini. Nilimwuliza, kama alikuwa amenitoa, mbona nilirudishwa. Mama alipapasa sahani nyingine kwa muda. "Rika lake walicheka," alisema. Basi. Hakuona kama kuna la kuongeza, na labda kwake halikuwepo. Nilikuwa nimemchukia Baba miaka yote hiyo kwa kudanganyika, kwa kutoujua mkono wangu ndani ya glasi yake. Hilo ningeweza kuzeeka nalo. Sasa nilitakiwa kumchukia upya, katika umri huu, kwa sababu ya kujua.

"Angalau mliimwaga," nilisema, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa wakati ule, kwamba chupa zote zilizobaki zilimwagwa majivuni asubuhi iliyofuata. Kilichokuja na posa hurudi nayo au huharibiwa; ukikitumia baada ya kukataa, umekubali. Mtoto mdogo wa kwetu anajua hivyo. Mama alianza kupapasa upya sahani ambazo alikuwa ameshazihakikisha.

"Mama."

"Ungefanya nini kama ungejua?" alisema. "Mbuzi alirudisha. Hiyo ingine alificha chini ya kitanda. Alikuwa anakunywa moja kila Jumamosi, amefunga mlango, mpaka ikaisha."